Stoo ya Hawe kwa Alfabeti

Jumatatu, 4 Agosti
Mama ametoa sharti. Stoo ya chakula ikikaa sawa hadi Jumamosi, Shangazi Mweri atabaki kwake Likoni. Ikishindikana, anahamia kwetu Mtopanga kuisimamia, kitandani mwangu, yeye na redio yake. Mimi na vitabu vyangu tutahamia sakafuni. Tangu Hawe, bibi yetu, azikwe mwezi Mei, fukusi wamemaliza kunde na hakuna anayejua chumvi iko kopo gani.

Hawe hakuandika chochote. Sukari kopo la maziwa, pojo ndoo ya rangi. Nimebandika majina na kupanga kwa alfabeti, kama maktaba ya shule: chumvi, mchele, pojo, sukari, unga. Kazi safi. Ndoo ya unga Hawe hakuwahi kuimaliza. Aliongeza mpya juu ya wa zamani, miaka yote. Kitabu cha sayansi kimu kinakataza. Nimeikung'uta, nikaiosha, nikatia pakiti mbili mpya. Konzi iliyokuwa chini kabisa niliwamwagia kuku wa jirani, ambao hula hata sabuni. Walisimama wakaitazama.

Jumanne, 5 Agosti
Asubuhi chumvi iko karibu na mlango, sukari juu. Mahali pa Hawe. Nikamshuku kaka yangu Gershom. Akasema yeye hata soksi zake hajui ziko wapi, apange makopo ya nini, na kama Bibi Maktaba ana kesi aandike barua. Nilipata jibu zuri sana saa mbili baadaye. Alikuwa ameshaondoka.

Nimepanga upya. Kufuli. Ufunguo shingoni.

Jumatano, 6 Agosti
Kufuli zima. Makopo yamerudi kwa mpango wa Hawe. Majina yamebanduliwa bila kuchanika, yakalazwa chini ya chupa ya mafuta, nadhifu kunishinda. Gershom alilala kwa rafiki yake Changamwe. Sina maoni kuhusu hilo.

Nimenyunyiza unga sakafuni ili kunasa nyayo.

Alhamisi, 7 Agosti
Hakuna nyayo. Unga umefagiliwa ukawa rundo dogo nyuma ya mlango, kama Hawe alivyofanya kila magharibi, maana hakutaka taka zitoke nje jua likishatua. Mpini wa ufagio ulikuwa na joto.

Nikafunua ndoo ya unga. Tupu. Si tupu ya kuibiwa. Imepanguswa. Nimepika wali. Gershom akauliza tunasherehekea nini.

Ijumaa, 8 Agosti
Saa nne nimetia pakiti ya mwisho. Saa sita haipo. Mama akarudi kutoka kiwandani, akaingia stoo, akaketi juu ya gunia la mchele. Hakufoka. Akauliza tu kama niliikung'uta ndoo hadi chini. Nikasema ndiyo, kwa usafi. Akasema konzi ile Hawe alikuja nayo akiolewa, kutoka ndoo ya mamake, na siku zote ilibakizwa ili nyumba isikose unga. Nikaanza kueleza hoja ya kitabu. Akasema, "Mwanangu, nyamaza kidogo."

Akampigia Shangazi simu.

Jumamosi, 9 Agosti
Shangazi Mweri amefika kabla ya adhuhuri. Redio kwapani, konzi ya unga imefungwa kwenye pindo la kanga. Hawe alimpa siku alipoolewa, kutoka ndoo ileile. Akaitia ndooni, akamimina juu yake pakiti mpya aliyokuja nayo, akasema kama anayezungumza na mtu aliye karibu, "Mama, huyu ni mtoto. Msamehe."

Kitu ndani ya stoo kikashusha pumzi. Gershom hakufanya mzaha.

Tangu hapo unga umetulia. Shangazi amejipumzisha kitandani mwangu baada ya chakula, redio inasoma matangazo ya vifo. Nimetafakari hapa sakafuni kwa kina, na kosa nimeliona. Alfabeti. Hawe hakusoma shule, angefuataje majina? Kesho nabandika picha. Mchele na pojo nimeshachora. Chumvi ndiyo ngumu. Nimeacha karatasi tupu na penseli kwenye rafu ya chini, endapo ana pendekezo.