Nilikuwa Nimelala Tu, Rudisheni Jina Langu

Kwa Katibu,
Umoja wa Kuzikana,
Bahati, Nairobi.
Jumanne, 13 Machi 1979

Ndugu Katibu Phares,

Pokea salamu kutoka kwa mtu hai. Mimi ni mtu wa bahati, na sisemi mtaa, nasema nyota. Nimefika Kampala, nimefika Moshi, na kote huko sijaona aliyejaliwa usingizi kama wangu. Nikiweka kichwa chini, hata ngoma ipigwe sikioni siamki. Wengine wanautafuta kwa vidonge, mimi napewa bure.

Ni usingizi huo ulionifutisha. Jumapili ya tarehe nne, saa tisa mchana, ulibisha kwangu. Mke wangu Nasike alikuwa akikata vitunguu, machozi yanamtiririka, akakwambia, "Lusweti amelala." Wewe, kwa vile ni mtu wa kanisa, ukaelewa nimelala katika Bwana. Hata hukuuliza kitanda kiko wapi! Ukavua kofia, ukampa pole, ukaenda kulipiga jina langu mstari mwekundu katika daftari la wanachama. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Mlisimama kimya dakika moja kwa ajili yangu, na naambiwa Chege, yule fundi wa viti wa Gikomba, alicheka. Dakika hiyo irudiwe, Chege asimame peke yake.

2. Kila Januari wewe unanakili daftari jipya, na la zamani unalitia kwenye sanduku la bati. Hakuna kinachotupwa. Fungua la 1978, namba 41: mimi niko humo buheri wa afya. Nitoe huko, unirudishe katika la mwaka huu. Ugumu uko wapi?

3. Jibu lako nimelisikia kwa jirani yangu Benta: eti daftari la zamani likirudi, litarudi lote. Ndugu yangu, nani amesema lote? Likirudi lote, Mzee Okoth aliyezikwa juzijuzi naye atarudi, na huyo tutamwambia nini? Tena binti yangu Rispa alizaliwa mwezi jana, humo hayumo. Mtamfuta mtoto anayenyonya? Nataka mstari mmoja tu.

4. Mlileta blanketi na sukari ya matanga. Sukari tumeinywa. Blanketi silirudishi.

5. Hili sasa si mzaha. Asiye daftarini hasafirishwi kwao akifa. Nikifa kesho nitazikwa na kanjo, hao watu wa baraza la jiji, hapa mjini, kati ya watu nisiowajua, na mama yangu kule Kimilili ameshanionyesha mahali pangu kando ya baba. Kama hamtaki kunirudisha kitabuni, basi kiheshimuni kitabu. Kinasema nimekufa: leteni lori Ijumaa mnipeleke. Niko tayari. Nitakaa mbele na dereva, nimwonyeshe njia.

Wasalimie wanachama wote, walio hai kwanza. Msalimie mama watoto, na Chege pia. Hata akicheka ni ndugu.

Ni mimi niliyefutwa bila kosa,
Lusweti Nabiswa, namba 41

Nyongeza: Nasike amekataa kuipeleka barua mpaka niandike hili. Jumapili ile ilikuwa zamu yangu kukaa nyuma ya lori na jeneza la Mzee Okoth mpaka kwao Ugenya, nawe ulikuwa umekuja kunichukua. Sikuwa nimelala. Nilikuwa chini ya kitanda. Huo usingizi niliojisifia sina. Naogopa maiti.