Ombi la Kupimwa Nyongo ya Jenerali

Mabatini, Mwanza

Kwa Baba Mkubwa Mayala,
Mwenyekiti wa Kamati ya Posa ya Ukoo,
Sengerema.

Shikamoo Baba Mkubwa. Naandika kwa sababu nikiwa mbele yako sauti hunikauka. Wiki iliyopita kamati yako ilimkataa Nestory, mchumba wa dada Winnie, kwa kuwa mama yake aliwahi kupasuliwa nyongo. Ulisema maradhi ya kurithi hayataingia kwetu. Msimamo huo ni mzuri, ila naona haujawafikia mbwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa ajili ya Nestory, wazee wawili walivuka na kivuko kuja kuulizia ukoo wake hadi kwa babu. Lakini ulipomleta mbwa wako Jenerali mjini kuchanjwa, akampa mimba mbwa wetu Kipusa, hakuna aliyeuliza hata baba yake Jenerali ni nani.

2. Mama yake Jenerali alikufa kwa nyongo. Daktari wa mifugo alimpasua mbele yetu, tukaiona imeganda kama mlenda uliolala. Nimesoma kwamba mbwa wengine huurithi ugonjwa huo, na kipimo cha vinasaba kipo: unafuta shavu kwa ndani kwa pamba, unaipeleka maabara. Nilijaribu. Jenerali akaimeza pamba. Kamati iliyomfanya bibi yake Nestory ataje magonjwa yake yote, hadi ya utotoni, haitashindwa na mbwa.

3. Tukisubiri majibu, Jenerali afungwe, na watoto wake wote waliotapakaa Sengerema warudishwe, akiwemo yule anayelinda nyumba ya mchungaji.

4. Baba Mkubwa, wewe mwenyewe huli nyama ya mafuta kwa sababu ya nyongo. Naomba radhi sana, lakini nawe ufutwe shavu. Mama Mkubwa arudi kwao kwa muda, na mwanao, kaka Yeremia, asioe mpaka majibu yatoke.

Nawasalimu wote hapo nyumbani, hasa Mama Mkubwa, awe ameshafungasha au bado.

Mwanao mtiifu,
Evelina, Kidato cha Tatu.

N.B. Kipusa amezaa leo asubuhi, watoto wanne. Mmoja ana masikio ya Jenerali na amelala kwenye sketi yangu, siwezi kuinuka. Daktari alikuja na pamba zake, nikamkatalia. Huyu akiumwa, nitampikia chakula kisicho na mafuta, basi. Dada Winnie amesoma hapo, akasema hivyo ndivyo alivyowajibu wazee kuhusu Nestory.