Umeme Shavuni

Jumatatu, 4 Machi
Umeme tena! Shavu la kulia, nilipokuwa nikinawa uso. Unapiga, unaondoka, unaniacha nimekumbatia sinki kama mlevi. Na Jumamosi nina harusi! Mshereheshaji asiyeweza kufungua mdomo ana kazi gani? Shemeji, mdogo wake mke wangu, yule anayejiita Sauti ya Asali, amekuja kunipa pole. Mdomo ulisema pole. Macho yalikuwa kwenye kipaza sauti changu.

Jumanne, 5 Machi
Nimemtaka daktari wa meno aning'oe gego. Akaligonga, akasema halina kosa; kinachouma ni neva ya uso, niende hospitali. Anaionea wivu sauti yangu tu. Nikaenda kwa mwingine, asiyependa maswali. Gego limetoka. Zima, jeupe, la kupigwa picha. Umeme umebaki.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu amenikokota hospitali. Daktari ni mama mpole. Akasema kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, dozi itapandishwa polepole. Nisijiongezee, wala nisiache ghafla. Hata upepo wa feni huweza kuamsha maumivu, nijifunike uso. Nimeitikia yote. Polepole! Na harusi keshokutwa!

Jumamosi, 9 Machi
Nimemeza vinne kwa mpigo. Shavu kimya! Nikajitanda skafu ya mke wangu, nikasema ndiyo mtindo mpya. Ghafla ukumbi ukaanza kuzunguka. Bibi harusi wakawa wawili. Nikamwita mama yake bwana harusi aje akate keki na mumewe mpya. Akaja! Kisha sakafu ikanifuata. Nilipofumbua macho, shemeji ameshika kipaza sauti na vigelegele vinapaa. Mke wangu hakucheka. Njiani akasema, “Kazi itapatikana, mume wangu. Wewe nitakupata wapi?” Nikaangalia dirishani. 

Jumatatu, 25 Machi
Vidonge nimemeza kama nilivyoagizwa, mke wangu kanisimamia kama askari. Umeme haupo! Nimenawa, nimenyoa ndevu, nimetafuna, nimepiga miluzi. Shemeji ana harusi nyingine, ameniomba nikampangie viti. Viti! Mimi! Nimewaza sana. Hivi vidonge vinaleta usingizi, na mwenye usingizi ndiye hupangishwa viti. Isitoshe, mtu mzima kama kigongo dawa za nini? Cha leo asubuhi nimekitema dirishani, vingine nimevitumbukiza kwenye kiatu kibovu. Mke asijue. Shavu limeshtuka kidogo sasa hivi.

Ni furaha tu hiyo, si umeme.