Simu ya Fundi na Gauni la Zambarau

Jumatatu, 3 Machi

Nawatangazia walimwengu wote, pamoja na wale ambao hawataisoma shajara hii: leo asubuhi simu yangu ya vitufe imeaga dunia. Imetumbukia kwenye ndoo ninamoloweka vitambaa. Nimeitoa, nimeipepea, nimeizika kwenye bakuli la mchele. Haikuzinduka. Ilikuwa na tochi nzuri.

Imechagua siku mbaya. Mwalimu wa kwaya anayoimba mke wangu yuko safarini kwa binti yake aliyejifungua. Anataka magauni mapya ya kwaya nzima, rangi ya zambarau. Ameagiza kwamba fundi anayeitaka kazi amtumie picha ya kitambaa, naye achague huko huko aliko. Mafundi hapa mtaani tuko wawili. Mimi, na Modo wa mlango wa pili, anayejiita mbunifu kwa sababu ana kioo kirefu. Modo ana simu yenye kamera tatu mgongoni. Mimi nina bakuli la mchele.

Mke wangu anasema ameshaapa mbele ya sauti ya kwanza na ya pili kwamba mumewe ndiye atakayeshona. Siku atakaposimama mbele za watu amevaa mshono wa Modo, nitafute pa kulia chakula. Nikakubali. Yeye ndiye anayepika.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Anauza simu kwenye kibanda chembamba, akitaka kugeuka lazima atoke nje kwanza. Nikamwambia nataka simu nzuri ya bei ya chini. Akasema, shemeji, hayo mawili yalishapeana talaka.

Akanipangia tatu. Ya kwanza kamera safi, ila chaji inaisha kabla ya chai ya saa nne. Ya pili betri haifi, nzito kama pasi, kamera ya hivi hivi. Ya tatu ina kila kitu, pamoja na ufa. Nikazishika moja moja, nikazipima mkononi, nikazinusa. Watu waliokuja nyuma yangu walinunua wakaondoka.

Kamera au betri? Nikatumia akili. Chumba changu cha kushonea umeme unakatika kila nikishika pasi. Simu iliyozima haipigi picha hata ingekuwa na kamera kumi. Nikachukua ya betri. Shemeji akaapa kwamba hata hiyo kamera ya hivi hivi inaona rangi kuliko jicho la binadamu. Hilo nimelishika.

Akataka kuibandua nailoni ya kiwandani. Nikamdaka mkono! Ni nailoni safi, ya bluu, imeifunika simu yote mbele na nyuma mpaka jicho la kamera, kama mtoto ndani ya neti. Ikitoka hiyo, simu inakuwa mtumba. Mpango wangu ni kuitumia vizuri kisha nimuuzie Modo kama mpya. Shemeji akasema itanisumbua. Nikamwambia yeye auze, matunzo aniachie mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Skrini haisikii mpaka uikandamize kama unatia dole gumba kwenye hati. Nimevumilia. Ukinunua cha bei ya chini, unanunua na ukaidi wake.

Nimepata kitambaa! Zambarau ya bilinganya, laini, hakikunjiki. Nikakipiga picha palepale dukani. Kwenye picha kimetoka bluu. Nikarudia. Bluu. Nikakitandaza mlangoni. Bluu zaidi. Nikaituma hivyo hivyo, nikitumaini safari itaituliza.

Mwalimu akajibu: fundi, hii ni bluu, sisi ni kwaya, si walinzi wa benki. Akaongeza kwamba ya Modo imekaribia, ila haijamkaa moyoni, na angependa kumpa kazi mume wa mwimbaji wake. Basi nijitahidi.

Kwanza niliilaumu bei. Nikasema haya ndiyo matokeo ya kuchagua betri. Halafu nikakumbuka kauli ya shemeji. Simu ni mpya. Macho yangu yana umri wangu. Na duka la vitambaa lina taa za mwaka gani? Hapo nikamjua mwongo. Taa!

Ijumaa, 7 Machi

Siku kubwa. Nimerudi dukani na mpango: nisiangalie kitambaa chochote kwa macho. Nikapita kwenye majora nimeiweka simu mbele ya uso. Mwenye duka akaniuliza kwa heshima kama natoka ofisi ya kodi.

Jora la mwisho kabisa likaniita. Kwenye simu: zambarau ya kumliza mfalme. Nikaishusha simu kidogo. Kwa macho, ni damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea. Taa tena! Nikacheka peke yangu. Nikatuma picha.

Mwalimu akajibu haraka: hiyo hiyo fundi, Mungu akubariki, anza na gauni la mkeo, Jumapili nikirudi nilione mwilini.

Nimebeba jora zima begani. Modo alikuwa mlangoni kwake, akauliza ni nani anayeshonewa mapazia ya ukumbi. Nilimwonea huruma. Macho yake yameshazoea kudanganywa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekata, nimeshona, nimepiga pasi (umeme umekatika). Gauni limekaa vizuri. Ndani ya chumba bado linaonekana jekundu. Nikasema taa. Nikalitoa nje, juani. Jekundu. Jua nalo! Kila shaka iliponijia nililitazama kupitia simu nikatulia.

Mke wangu akalivaa. Akauliza, baba watoto, una uhakika? Nikampiga picha nikamwonyesha. Akaitazama simu, akajitazama yeye, akaitazama tena simu. Nadhani alizidiwa na furaha.

Betri bado haijapungua hata nusu. Simu ya maana hii.

Jumapili, 9 Machi

Mwalimu amerudi. Tukakutana kwenye mazoezi ya kwaya. Mke wangu akasimama katikati ya wenzake. Mwalimu akamtazama, kisha akauliza kwa upole kama mtu amemwagiwa kitu.

Nikajitokeza na ushahidi. Nikainua simu: zambarau! Mwalimu akaichukua, akapiga picha mkono wake mwenyewe. Ukatoka wa bluu kama wa mtu aliyeopolewa mtoni. Sauti ya kwanza wakaipokea, wakapigana picha. Sauti ya pili wakainyang'anya. Kwaya nzima ikawa ya maiti wanaocheka. Mpiga kinanda alilazimika kukaa chini.

Modo, ambaye hakualikwa na mtu, akafungua mfuko wake. Zambarau ya bilinganya, laini, haikunjiki. Ni lile jora nililoliacha mimi Alhamisi. Kazi amepewa yeye.

Njiani mke wangu alitembea na sauti ya pili. Jioni nimekula mkate.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda kumwambia shemeji kwamba ameniuzia kamera mgonjwa. Hakubishana. Akaingiza ukucha pembeni ya jicho la kamera, akavuta. Krrr! Kipande cha nailoni kikatoka. Akapiga picha kiraka cha kitambaa changu nilichokuja nacho: chekundu. Akapiga picha ndoo ya zambarau iliyokuwa mlangoni: zambarau. Akaniambia, shemeji, ulikuwa unaitazama dunia kupitia mfuko. Akacheka mpaka akatoka nje kupata nafasi.

Mimi sikucheka. Amebandua! Simu imeshakuwa mtumba mikononi mwangu na sasa Modo hawezi kuinunua. Nimegoma kuondoka. Mwisho akachoka, akanibadilishia na ile ya kamera safi, ambayo nailoni yake haijaguswa. Akaniomba kwa jina la dada yake niibandue hapohapo. Nikamwambia nimeshalifahamu kosa. Kosa lilikuwa bluu. Fundi yeyote anajua bluu ni rangi inayochuja.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu amepimwa na Modo. Ukuta ni mwembamba. Nimemsikia akimwambia, mama, vuta pumzi kidogo, na mke wangu akacheka. Kwangu hacheki akipimwa.

Lakini nimepata akili. Jora lote hili la damu ya mzee silitupi. Nimepiga picha gauni, nimeliweka mtandaoni: gauni jekundu la sherehe, mshono wa fundi mkuu. Simu imezima saa nne kasoro, nimekwenda kuomba chaji kwa Modo.

Ilipowaka nikakuta watu wawili wameulizia bei ya gauni la kahawia. Sina gauni la kahawia.

Nailoni ya simu hii ni ya kijani. Sijaigusa.