Uhakiki wa Neno Meza

Ninayo fahari kuutangazia umma kwamba nchi yetu sasa ina Kurugenzi ya Uhakiki wa Asili ya Maneno, na mimi ndiye katibu wake. Kwa sheria aliyoipigania Waziri bungeni mpaka sauti ikamkauka, hakuna mtu atakayetumia neno la kigeni katika kazi yake kabla wenye neno hawajatoa idhini.

Faili la kwanza lilikuwa la Mama Randa, fundi wa meza. Waziri akatia saini amri, karakana ikafungwa na meza arobaini za shule ndani yake.

"Mwanangu, watoto wanaandikia magotini," alinisihi. "Na Ijumaa ikipita, oda shule inampa mwingine. Mafundi wangu nitawaambia nini?"

"Vuta subira, mama. Neno lako lina dosari."

Msidhani tulikaa bure. Wareno walikiri neno ni lao, ila nao walilitoa kwenye Kilatini. Tukawaandikia Walatini. Barua ikarudi: mpokeaji hapatikani. Waingereza ndio wakaharibu kabisa, maana kwao neno hilo hilo, walilolichukua kwa Wahispania, ni mlima wenye kilele bapa. Ikabidi Mama Randa alete hati ya wapima ardhi kuthibitisha kwamba hauzi milima. Akaileta, maskini. Tukamwambia haina muhuri.

Alhamisi alikuja macho yamemvimba, nikamhurumia kwa kweli. Hakubishana. Aliomba fomu moja tu, ile ya raia kuripoti neno la kigeni linalotumika bila idhini. Akaandika: waziri.

Sasa mimi ni mtu wa taratibu. Nikafungua kamusi: Kiarabu, na wapo wanaodai ni la Waajemi. Barua mbili zikaondoka asubuhi hiyo hiyo. Cheo kikasimamishwa, pamoja na kila amri iliyotiwa saini kwa cheo hicho, ikiwemo ile ya kufunga karakana. Kufika saa nane mchana meza zote zilikuwa juu ya lori, na Mama Randa amekaa mbele na dereva, hata kwaheri hakuniaga.

Mheshimiwa yuko hapo nje kwenye benchi, namba kumi na saba. Jana aliingia bila kuitwa, akagonga dirisha langu kwa pete.

"We katibu, unajua mimi ni nani?"

"Ndilo swali tulilowaandikia Waarabu, mheshimiwa," nikamjibu. "Kakae."