Malalamiko Juu ya Mama Mkwe Anayenigeuza Kitandani

Mvumi, 1911

Kwa Bwana Mganga wa kambi ya wajenzi wa reli,

Salaam nyingi. Baada ya salaam, nakuarifu kuwa mimi Elieza, niliyeangukiwa na chuma cha reli mgongoni miguu ikafa, bado ni hai. Naomba radhi, maana ulinirudisha nyumbani nife kwa utulivu, nami niliitikia.

Anayeniharibia ni mama mkwe. Sisi Wagogo, mtu na mama mkwe wake hawatazamani; akija njia hii, mimi napita ile. Lakini mke wangu Loisi ni mjamzito, hawezi kuniinua, basi mama yake kaja kutoka Buigiri na mila kaiacha mlangoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ananigeuza. Jua likisogea kidogo tu, ananilaza ubavu wa pili, uso wake kauelekeza ukutani kwa heshima, mikono iko kiunoni mwangu. Kwako nililala chali bila kuguswa mpaka kidonda cha tako kikaonyesha mfupa. Ule ndio ulikuwa utulivu.

2. Kitambaa chako cha kukaza amekitupa. Anaosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kisha anapaka asali. Asali, Bwana, na watoto wa jirani wanatazama wakimeza mate.

3. Amenitandikia ngozi laini za kondoo na kuninywesha maziwa kama mzazi aliyejifungua jana. Nanenepa kwa aibu.

4. Ulisema nyama iliyooza dawa yake kisu. Kidonda kimeanza kujifunga bila kukingoja kisu chako, jambo ambalo naliona ni utovu wa adabu kwa serikali. Na mimi, baada ya mkwe kuniona tako, nitajificha wapi? Sina hata miguu ya kumkimbia.

Kwa hiyo naomba amri yenye mhuri: arudishwe kwao, nami nirejee kitandani kwako nikaoze kwa heshima.

Nisalimie wauguzi, mpishi, na wagonjwa wenzangu kama wapo waliobaki.

Ni mimi mtiifu wako,
Elieza

Nyongeza: Loisi alimsomea mama yake barua hii. Mama mkwe akaona nina haki, akaenda zake. Tangu hapo hakuna wa kunigeuza, na ile harufu ya kidonda kuoza imerudi. Naogopa, Bwana, nataka kumwona mtoto wangu. Mchukuzi wa barua nimemwagiza apitie Buigiri kwanza, ampigie magoti kwa niaba yangu, na akikubali kurudi, barua hii aichane. Basi ukiisoma, ujue amekataa.