Kuhusu Mhudumu Aliyeondoka na Siri ya Firigisi

Kasuku, Kindu

Bwana Mkaguzi wa Kazi,

Umeniandikia hivi: "Mama Albertine, kunawisha wageni mikono na kuwapelekea sahani si siri ya biashara. Salama aachwe ahudumu anapotaka." Nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nimesimama. Umekosea, na kwa heshima zote nitakuonyesha wapi.

Salama alitia sahihi: akiniacha, asihudumu katika mgahawa mwingine wa Kindu kwa miaka miwili. Huu mwezi wa tatu hana kazi, na Gédéon, mwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, anamwita kila siku. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuku ana firigisi moja. Mezani wanakaa wazee wanne. Salama alikuwa akitazama mara moja tu, firigisi inatua kwa anayestahili, na hakuna anayenuna. Tangu aondoke, firigisi nimempa mkwe kijana mbele ya baba mkwe wake. Wote wawili waliondoka, wakaacha kuku mezani. Hiyo si siri?

2. Anajua kwamba Mzee Ayoubu hali pilipili, na kwamba Asumani na shemeji yake Blanchard, tangu ugomvi wa shamba la Mikelenge, wasikalishwe wakitazamana. Aliyajua chini ya bati langu. Ayaache hapa. Namna ya kuyaacha mtaitafuta ninyi, ndio serikali.

3. Kindu peke yake haitoshi. Wateja wangu husafiri. Katazo lifike hadi mji wa Punia. Lifike na matangani: juzi alihudumia wafiwa bure, wakamsifu. Mshindani asiyelipisha ndiye mbaya kuliko wote. Hata mume wake Mbaraka, zamani mteja wangu, siku hizi anakula nyumbani!

4. Utasema kila mtu ana uhuru wa kufanya kazi. Hayo niliyasoma wewe hujaanza shule. Lakini wakati wa vita, treni haiji, chumvi inaletwa kwa baiskeli, Mama Malaika alinipa kazi ya kuhudumu katika mgahawa wake. Nilipotaka kuondoka hakunitaka nitie sahihi yoyote. Alinipa sufuria yake kubwa akanibariki. Mwaka haukuisha, wateja wake wote walikuwa kwangu. Nani basi anaijua hatari hii kuliko mimi?

Kwa hiyo nadai: wewe, Bwana Mkaguzi, gonga muhuri, wewe Gédéon, funga mdomo, nanyi wateja, acheni kuniuliza "Salama iko wapi?" huku mmeshika vijiko vyangu.

Wasalimie wote wa ofisini, pamoja na yule karani aliyecheka nilipokuwa naongea.

Ni mimi, mwenye haki na asiye na mhudumu,
Albertine

N.B. Nilimpelekea Mama Malaika barua hii aitie sahihi kama shahidi. Alisomewa yote, akasema: "Mutoto yangu, kama njo vile, basi rudisha sufuria yangu." Bwana Mkaguzi, sufuria yenyewe iko motoni sasa hivi, na sombe, majani ya muhogo ya watu arobaini, ndani. Chana ile karatasi aliyotia sahihi Salama. Mwambie Salama aende kwa Gédéon. Lakini Jumapili apite kwanza hapa. Mama Malaika anakuja kula, na wazee wengine watatu, na kuku ni mmoja.